Hesabu ya Moto: Kwa Nini Spiriti Huisha Kabla ya Gesi

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, kabla hujaruka kurasa hizi ukatafuta mashairi na vichekesho, nipe dakika chache nikusimulie jinsi Mama alivyonishinda kwa kemia, yeye aliyeachia masomo darasa la nane.

Mama ana kibanda cha chapati na maharagwe karibu na steji. Kila alfajiri, kabla sijashika njia ya shule, mimi ndiye huwasha moto. Mapema mwaka huu gesi ilimwishia katikati ya mwezi, na pesa za kujaza mtungi hazikuwepo. Akatokea muuzaji mmoja mwenye maneno matamu, akamshawishi anunue jiko la spiriti, yaani ile ethanoli ya kupikia. "Mama, lita moja ya hii ni sawa na kilo moja ya gesi," akamwambia. Mama akaamini, akatoa pesa za akiba. Wiki ya pili hakika ilianza kujitokeza. Chapati ni zile zile, wateja ni wale wale wa bodaboda, lakini spiriti ilikuwa ikitiwa kama maji kwenye pakacha. Jioni moja akaniuliza, "Wewe si unasoma kemia? Niambie basi, hii inaisha upesi hivi kwa nini?"

Mimi huyo, kifua mbele, nikajibu: "Mama, moto hutokea wakati vifungo vya kemikali vinapovunjika. Gesi ina vifungo vingi vya kuvunja, ndiyo maana ina joto jingi."

Mama akaacha kukanda unga. "Mimi nimevunja kuni tangu utotoni," akasema, "na sijaona ukuni ukitoa moto kwa sababu ya kuvunjwa. Kuvunja kunanichosha tu."

Nilicheka. Lakini usiku nilichukua kitabu cha kidato cha nne cha kaka yangu, manake mada hii sisi tutaifikia mwakani, nikasoma mpaka stima ikapotea. Kumbe Mama alikuwa amesema kweli tupu, na mimi nilikuwa nimeshika kitabu miguu juu kichwa chini.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Ninaposema kifungo sisemi kifungo cha shati, wala kifungo cha miaka mitatu jela. Nasema ule mshiko unaozifunga atomu mbili pamoja ndani ya molekuli. Na mmenyuko ni kile kitendo cha kemikali kuacha umbo lao la kwanza zikawa kitu kingine, kama vile gesi na oksijeni zinavyogeuka jikoni kuwa mvuke wa maji na kaboni dioksidi.

Sasa chukua sumaku mbili. Mimi nilizitoa kwenye spika za redio mbovu. Zikishikana, kuzibandua ni kazi, vidole vinauma. Lakini zisogeze karibu uone: zinarukiana zenyewe, kwa! Atomu nazo ni vivyo hivyo. Kuzitenganisha ni lazima utoe nishati. Zikishikana, ni zenyewe zinazotoa nishati, na hiyo ndiyo joto tunalopikia. Kwa hivyo kuvunja kifungo ni gharama sikuzote, na kuunda kifungo ni mapato sikuzote. Moto hautoki kwa vifungo vinavyovunjika. Unatoka kwa vifungo vipya vinavyoundwa, endapo mapato yake yamezidi gharama ya kuvunja vile vya zamani.

Na bei ya kuvunja ndiyo hiyo hiyo bei ya kuunda. Wanasayansi wamezipima bei hizi kwa kilojuli kwa kila moli. Kifungo cha haidrojeni kwa haidrojeni ni 436. Kile kifungo maradufu cha oksijeni ya hewani ni 498. Kaboni kwa haidrojeni ni 413, kaboni kwa kaboni 347, kaboni kwa oksijeni kile cha mkono mmoja 358, oksijeni kwa haidrojeni 463. Kaboni kwa oksijeni kile maradufu, ndani ya kaboni dioksidi, ni 805. Mkemia wa Marekani Linus Pauling alizitumia hesabu za aina hii katika makala zake za mwaka wa 1932, na mwaka wa 1954 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa utafiti wake kuhusu vifungo.

Ukiwa na bei hizo mkononi, hesabu yenyewe ni kama daftari la kibanda. Mama huandika matumizi upande wa kushoto na mapato upande wa kulia, kisha anatoa. Hebu tuanze na ndogo. Haidrojeni ikikutana na klorini huzaa haidrojeni kloridi. Kushoto: kifungo kimoja cha haidrojeni, 436, na kimoja cha klorini, 242, jumla 678. Kulia: vifungo viwili vipya vya haidrojeni kwa klorini, 431 kila kimoja, jumla 862. Faida ni 184. Maabara ikipima mmenyuko huo inapata karibu 185. Hapo ndipo nilipoanza kuipenda mada hii, kwa maana sikuchoma chochote. Nilikalia kitanda tu nikahesabu vifungo.

Kuna jambo dogo linalokera. Vitabu huandika faida hiyo kwa alama ya kutoa: −184. Mbona faida iandikwe kama hasara? Ni kwa sababu daftari la kemia huandikwa kwa upande wa kemikali zenyewe, si upande wetu wapishi. Kilichotoka kwao ndicho sisi tulichopata. Ukiona alama ya kujumlisha, jua kemikali ndizo zilizopokea. Mfano wake upo hewani. Karibu sehemu nne kwa tano za hewa ni nitrojeni, nayo atomu zake zimeshikana kwa kifungo cha mikono mitatu chenye bei ya 945. Kuiunganisha na oksijeni kunagharimu 945 na 498, jumla 1,443, ilhali vifungo viwili vipya hulipa 631 kila kimoja, yaani 1,262. Hapo kuna hasara ya 181. Ndiyo maana nitrojeni nyingi hupita kando ya moto wa kibanda chetu bila kuguswa. Radi ndiyo hulipa deni hilo, na mvua hushuka na mbolea kidogo ndani yake.

Haya, turudi jikoni. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Nilichukua propani. Molekuli yake ina kaboni 3 zilizofuatana na haidrojeni 8 zilizozizunguka. Inataka molekuli 5 za oksijeni, na inatoa 3 za kaboni dioksidi na 4 za maji. Daftari likawa hivi:

Matumizi
Kaboni kwa haidrojeni: 8 × 413 = 3,304
Kaboni kwa kaboni: 2 × 347 = 694
Oksijeni ya hewani: 5 × 498 = 2,490
Jumla: 6,488

Mapato
Kaboni kwa oksijeni, maradufu: 6 × 805 = 4,830
Oksijeni kwa haidrojeni: 8 × 463 = 3,704
Jumla: 8,534

Faida ni kilojuli 2,046 kwa kila moli. Maabara inasema karibu 2,044. Nilidhani nimeota, nikarudia mara tatu.

Hapa utaniuliza: kama ni lazima kulipa 6,488 kwanza, nani hulipa? Njiti ya kiberiti. Lakini njiti haina uwezo wa kulipa yote. Inalipia molekuli chache za kwanza tu, kisha faida ya hizo inakuwa mtaji wa jirani zao, na hizo za jirani zao, hata ukazima burna. Ndiyo sababu gesi ikivuja haiwaki yenyewe, inangoja cheche, na ikiipata haingoji tena.

Wala usifikiri kwamba ndani ya moto kila molekuli huvunjwavunjwa yote ikabaki atomu tupu, halafu ndipo vifungo vipya vikaundwa. Hapana. Njia ya kweli ni ndefu na ina vikona vingi. Sisi tunajifanya tu kana kwamba imepita hapo. Na inakubalika, kwa sababu Hess, mkemia aliyezaliwa Geneva akafanya kazi yake Urusi, alionyesha mwaka wa 1840 kwamba joto la mmenyuko halijali njia, linajali mwanzo na mwisho. Ukitoka Nairobi kwenda Kisumu, upitie Nakuru au upitie Narok, upande na kushuka milima yote upendayo, mwishowe utakuwa umeshuka kama mita 600. Basi sisi tumechagua njia iliyo rahisi kuhesabu.

Sasa ikaja zamu ya mshitakiwa mwenyewe, spiriti. Molekuli ya ethanoli ina vifungo 5 vya kaboni kwa haidrojeni, kimoja cha kaboni kwa kaboni, kimoja cha kaboni kwa oksijeni, na kimoja cha oksijeni kwa haidrojeni. Inataka molekuli 3 za oksijeni. Kuvunja vyote hivi ni 2,065 na 347 na 358 na 463 na 1,494, jumla 4,727. Inatoa molekuli 2 za kaboni dioksidi na 3 za maji, yaani vifungo 4 vya 805 na 6 vya 463, jumla 5,998. Faida ni 1,271. Lakini bei hizi za vifungo ni za vitu vilivyo katika hali ya gesi, na spiriti hutiwa jikoni ikiwa majimaji. Lazima igeuke mvuke kwanza, na hiyo inakula kama 42. Inabaki 1,229.

Ukilinganisha moli kwa moli bado hujatenda haki, manake Mama hanunui moli. Moli ya propani ina uzani wa gramu 44, kwa hivyo kila gramu hutoa kilojuli 46.5. Moli ya ethanoli ni gramu 46, kila gramu 26.7. Nilipigia hesabu butani pia nikapata 45.9, kwa hivyo mchanganyiko wa mtungini hauharibu kitu. (Gesi nayo hugeuka kutoka majimaji ndani ya mtungi, ndiyo maana mtungi hupata baridi ukitumika sana, lakini gharama hiyo haifiki hata moja kwa mia.) Tena lita ya ethanoli haina kilo nzima, ina kama gramu 790. Basi lita moja ya spiriti ni kilojuli kama 21,100, na kilo moja ya gesi ni 46,500. Gawanya. Kilo ya gesi ni sawa na lita 2.2 za spiriti! Na kama spiriti yenyewe imechanganyika na maji, ni zaidi ya hapo.

Yule muuzaji! Sijui kama alidanganya au naye alidanganywa.

Lakini swali la Mama lilikuwa kwa nini, na jibu limo ndani ya daftari lile lile. Tazama molekuli ya spiriti tena. Tayari ina oksijeni ndani yake. Tayari ina kifungo cha oksijeni kwa haidrojeni, kile kile ambacho moto hulipwa kwa kukiunda. Spiriti ni kama kibarua aliyechukua advansi katikati ya mwezi. Mwisho wa mwezi ukifika anapewa bahasha nyembamba, na hana wa kumlaumu. Juu ya hayo, katika kila gramu 46 za spiriti, gramu 16 ni oksijeni ambayo Mama anainunua kwa pesa ilhali ile ya hewani ni ya bure. Maji yenyewe yamemaliza mshahara wote. Haidrojeni yake imekwisha kuungua zamani. Maji ni majivu ya haidrojeni, na majivu hayawaki.

Nilipomweleza mwenzangu wa dawati hakukubali. Alinifungulia daftari la biolojia: ATP ikivunjika hutoa nishati, imeandikwa kwa wino mwekundu. Tulibishana mpaka kengele ya chakula. Mwishowe tukaona kwamba hata hapo si kuvunjika kunakolipa. Maji huingia katika mmenyuko huo, vifungo vingine vinaundwa, na mwisho wa yote mapato huzidi. Waalimu wa biolojia hufupisha usemi tu, nasi tunaumeza ulivyo, kisha mtihani wa kemia unatukamata. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaandika hivyo katika zoezi na kupata sufuri, na nikadhani ni mwalimu aliyekosea.

Sitaki uondoke ukidhani hesabu hii haina mitego. Ni makadirio. Bei nyingi za vifungo ni wastani uliopatikana kwa molekuli nyingi tofauti, na kifungo kile kile hubadilika bei kidogo kikihama nyumba. Mara nyingine si kidogo. Mara ya kwanza nilichukua bei ya 743 ya kifungo maradufu cha kaboni kwa oksijeni, kwani ndiyo iliyokuwa kwenye jedwali la kitabu. Propani ikanipa 1,674 badala ya 2,046. Bei ile ni ya molekuli nyingine. Ndani ya kaboni dioksidi kifungo hicho ni imara zaidi, 805. Jedwali lingine huiweka pembeni kwa herufi ndogo, nami herufi ndogo sizisomi.

Mtego wa pili ni maji. Ukifungua kitabu utaona joto la propani likiandikwa 2,220, ukadhani nimekudanganya. Kitabu kimehesabu maji yakiwa yamepoa kuwa majimaji. Kila moli ya mvuke ikigeuka maji hutoa kama 44, na ziko 4, jumla 176. Jumlisha na ile 2,044 ya maabara uone. Jikoni mvuke huo hupaa na kupotea, isipokuwa yale matone unayoyaona chini ya sufuria baridi inapowekwa motoni.

Mama alipoona namba hizi akauliza la makaa. Makaa hayana molekuli ndogo za kuhesabu; ni atomu za kaboni zilizoshikana halaiki kwa halaiki. Kuitoa moli moja ya kaboni katika halaiki hiyo ni 717, ongeza oksijeni 498, matumizi 1,215. Mapato ni vifungo viwili vya 805, yaani 1,610. Faida 395, ambayo ni kama kilojuli 32.9 kwa gramu. Mama akapiga kelele, "Hata makaa yameishinda spiriti!" Kwa kaboni tupu, ndiyo, ingawa makaa ya gunia yana majivu na unyevu.

Lakini hesabu hiyo ya makaa ndiyo iliyonitia hofu. Jiko likikosa hewa ya kutosha, kaboni hupata oksijeni nusu nusu na kutoa kaboni monoksidi. Matumizi ni 717 na 249, jumla 966. Mapato ni kifungo kimoja tu, ingawa ni kigumu kupita kile cha nitrojeni: 1,072. Faida 106. Yaani kati ya 395 umepata karibu robo, na zile nyingine zimetoka pamoja na gesi hiyo. Vile vindimi vya bluu vinavyocheza juu ya jiko la makaa ndiyo gesi hiyo ikikutana na hewa na kulipa deni lake. Ikiwa haijalipa, imeenea chumbani bila rangi wala harufu, na ndani ya damu hung'ang'ania mahali pa oksijeni isiachie. Asubuhi za mvua tulikuwa tukiingiza jiko ndani na kufunga mlango. Sasa linabaki kizingitini, hata moshi ukinirudia machoni.

Namba zangu ni za joto linalotoka kwa moto, si joto linaloingia kwenye sufuria. Hilo hutegemea jiko, upepo na sufuria yenyewe. Hilo nilimwambia Mama wazi. Bei za dukani nazo hupanda na kushuka, kwa hivyo sikumwambia anunue nini. Nilimwambia tu agawanye bei ya kilo ya gesi kwa 2.2, na lita ya spiriti ikizidi hapo, aiache dukani. Akachukua kipande cha kaa, akaandika 2.2 kwa herufi kubwa kwenye bati la kibanda, juu ya orodha ya wanaodaiwa. Wiki iliyopita mteja mmoja alimuuliza kama hiyo ndiyo bei mpya ya chapati.